Mama Faili na Magazeti ya Mwaka wa Kwanza

Wenzangu wa ghorofa ya chini, nawaomba sana: mkishasoma karatasi hii, ikunjeni mfukoni. Isipande ngazi kwenda kwa Meneja, hata neno moja.

Mtunza kumbukumbu wetu, tunayemwita Mama Faili, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ametumikia miaka arobaini, umri uleule wa gazeti letu. Alianza likiwa na kurasa nne, likichapwa nyuma ya duka la kamba, na habari kubwa ilikuwa meli gani imetia nanga na maji yatajaa saa ngapi. Kila asubuhi aliweka nakala moja kando kabla wauzaji hawajagusa rundo. Siku mafuriko yalipozima mtambo, alipiga taipu ukurasa mmoja, akaurudufu, akahifadhi nakala ya kwanza. Ndiyo maana tunajivuna kwamba hatujawahi kukosa siku.

Sasa la kwangu. Wiki moja kabla ya maonyesho ya miaka arobaini, Meneja aliniagiza niwapelekee wauza samaki magazeti yaliyorudi bila kuuzwa, wafungie samaki. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa kinapakwa rangi, na marundo yote yalikuwa kwenye korido. Nikapeleka rundo lisilo lenyewe: mwaka wa kwanza wote, nakala pekee tulizonazo.

Nilipomweleza, Mama Faili alisema tu, "Mwanangu, utalia baadaye. Sasa hivi twende sokoni."

Muuza samaki mmoja alimcheka: "Shangazi, habari za Machi zimeshaondoka na changu wawili!"

"Basi nionyeshe aliyewanunua," akajibu.

Tulibisha hodi majikoni mwa watu hadi jioni, tukakwangua magamba na kuanika kurasa. Kwa zile zilizochanika kabisa, alikumbuka zilipo nakala nyingine: kinyozi wa karibu na gati alizibandika ukutani zamani. Tulizibandua kwa mvuke wa birika, kinyozi akilalamika kwamba wateja wake sasa watasoma nini.

Siku ya maonyesho Meneja alifunua juzuu la mwaka wa kwanza tulilolijalidi upya, akavuta pumzi, akasema kumbukumbu zetu hata zinanukia bahari. Akatupongeza. Nilishusha pumzi niliyoibana wiki nzima. Kazi yangu ipo, na mwaka wa kwanza upo. Mama Faili hakumwambia mtu, kwa hiyo nimesema mimi.

Asante, Mama. Sasa amka saa unayotaka, na magazeti usome kwa raha yako tu. Sote tunakuombea afya na siku nyingi za utulivu.

Limebaki pengo moja: toleo la Jumanne ya tatu ya Agosti. Meneja alifunua kurasa mbili kwa pamoja, akaliruka bila kuliona, Mungu akanisitiri. Mwenye nalo kwao, hata kama limetandikwa kabatini, alilete chumba cha kumbukumbu, mlango wa kijani kando ya ngazi, saa saba Meneja akienda kula. Abishe mara mbili, polepole. Nitafungua mimi. Hadi tarehe thelathini, Mama Faili atakuwa nyuma yangu, ameshika gundi.