Mama Mstari na Kichupa Kilichojaa Nusu

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara ya damu ya hospitali yetu, mtaalamu tunayemwita Mama Mstari anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Hizo dakika si mapambo. Nitazieleza mwishoni.

Jina hilo alilipata kwa jasho letu. Kichupa cha kupimia kuganda kwa damu kina mstari mwembamba ubavuni, na ndani yake dawa ya kuzuia damu isigande, iliyopimwa ilingane na damu inayofika hapo. Damu ikipungua, dawa inaizidi nguvu, na damu nzima kabisa inaonekana kama haitaganda hadi kiama. Sisi wauguzi wa wodi ya watoto wachanga tunalijua hilo tangu chuoni. Sisi hao hao tumempelekea vichupa vya nusu, vya robo, na kimoja ambacho aliyekipeleka aliapa kwamba kina damu.

Vyote alivirudisha. Ukimpigia simu kulalamika, anakuita mwanangu kwa upole unaotia hasira, kisha anauliza saa ya kutoa damu, saa mtoto alipoanza oksijeni, na kiasi alichopewa. Ukimjibu asubuhi, anauliza asubuhi ya lini. Nimewahi kukata simu na kuuambia ukuta maneno ambayo mhariri wa jarida hili hatayakubali.

Sababu alikuwa nayo. Kwa miaka mingi ameweka daftari la watoto waliozaliwa wakiwa wamekosa hewa, lenye ukurasa kwa kila mtoto na safu mbili: damu ya kitovu, iliyotoka kabla ya oksijeni, na damu ya baadaye. Alitaka kujua kama oksijeni inayomrudishia mtoto rangi inairudishia pia damu yake uwezo wa kuganda. Safu ya pili imejaa. Ya kwanza ina mapengo kama kinywa cha mjukuu wake wa miaka sita, na mapengo hayo ni kazi ya mikono yetu.

Pengo langu mimi ni hili. Miaka tisa iliyopita alizaliwa msichana kimya, wa buluu. Oksijeni ilimrudisha, lakini kidonda cha sindano kisiginoni kikawa kinavuja. Nilitoa damu mbiombio, kichupa kikafika nusu, nikakipeleka hivyo hivyo. Daktari alikuwa tayari kumtundikia plazma, yale maji ya damu yanayosaidia kuganda, majibu yakiwa mabaya. Mama Mstari akakataa kukipima.

Nilishuka ngazi na hotuba kamili kichwani. Hakuisubiri. Aliniuliza kama miwani yangu ni ya kuonea au ya kupigia picha, akapanda nami wodini, akasimama kando ya kitanda cha joto mpaka kichupa cha pili kikafika mstarini. Mama wa mtoto alimuuliza kama mwanawe atapona. Alimjibu kwamba hilo halijui, ila majibu atakayomletea yatakuwa ya kweli.

Damu ilikuwa ikichelewa kuganda, ila si kwa kiasi cha kutisha. Plazma ikasubiri. Kipimo cha kesho yake kilikuwa kizuri zaidi, na plazma haikuhitajika tena. Nikatangaza wodi nzima kwamba oksijeni imefanya kazi. Akanikumbusha, mwanangu, kwamba mtoto alipewa pia joto na vitamini K, ambayo nayo husaidia damu kuganda, kisha akauliza kichupa cha kitovu kiko wapi. Sikuwa nimekijaza. Mpaka leo ukurasa wa msichana yule una safu moja tu.

Kati ya watoto zaidi ya mia nne, anaondoka na kurasa sitini na nne zilizokamilika. Zinaelekea kutoa jibu, lakini anatukataza kulisema mpaka zifike mia. Daftari anatuachia sisi. Ndiyo, sisi.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea aihakiki. Ilirudi siku hiyo hiyo, na kalamu nyekundu kando ya tarehe ya kustaafu ikiuliza saa ngapi.

Wiki hii wakunga wamempelekea vichupa vitatu vya kitovu, vyote vimefika mstarini, saa zimeandikwa. Anadai ni heshima ya kumuaga tu. Mama, Jumatatu utakuwa nyumbani nasi tutapeleka cha nne. Asante kwa kila kichupa ulichoturudishia. Nenda ukapumzike salama, na siku zako zijae hadi mstarini.