Kuku Sita wa Saladi

Yuliana: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Jua linawaka huku, sioni kioo.

Honorata: Ni mimi, dada. Hono. Shikamoo.

Yuliana: Marahaba, mdogo wangu, marahaba! Mbona mapema hivi? Kuna heri huko Katubuka?

Honorata: Heri tupu. Mbona upepo unavuma hivyo, uko—

Yuliana: Niko mchangani, nageuza dagaa. Juzi na jana wamevua mpaka basi, Mwamgongo yote inanuka dagaa. Ngoja nisogee kule juu kwenye jiwe, hapa mtandao unakuja unakwenda. [mikwaruzo] Ehe. Sasa sema. Dainess hajambo?

Honorata: Hajambo. Yuko… anaoga. Dada, nina shida ndogo. Ile saladi yako ya kuku. Ile nzito, ya mayonezi na pilipili, uliyokuwa unawapikia wale watalii kule kambini.

Yuliana: [anacheka] Saladi! Wee Hono, leo umenikumbusha mbali. Mara ya mwisho niliipika hapo hapo kwako, Dainess alipomaliza kidato cha nne. Alilamba mpaka bakuli.

Honorata: Hiyo hiyo. Mwenyewe ndiye aliyeitaka. Nina wageni mchana.

Yuliana: Wageni gani?

Honorata: Wa jumuiya tu. Wanakuja kusali.

Yuliana: Haya, sikiliza. Kuku umeshawabandika?

Honorata: Wako jikoni, ndiyo kwanza maji yanaanza kuchemka.

Yuliana: Umetia nini humo?

Honorata: Chumvi.

Yuliana: Chumvi peke yake? Hapana! Ponda tangawizi na kitunguu saumu, tumbukiza na pilipili manga nzima nzima. Kuku akichemka kwenye maji matupu, hata ummwagie mayonezi ndoo nzima utasikia maji tu mdomoni. Ni wa kienyeji au hawa wa kisasa?

Honorata: Wa kisasa.

Yuliana: Afadhali. Wa kienyeji kwenye saladi anakuwa kamba. Wangapi?

Honorata: Sita.

Yuliana: Kuku sita? Jumuiya yenu si watu kumi na wawili, na nusu yao hawaji?

Honorata: Safari hii tumealika na wa— haloo? Dada, unasikika kwa mbali.

Yuliana: Mimi nakusikia vizuri. Haya, kuku sita, basi andaa na beseni. Wakiiva watoe, waache wapoe. Wapoe kabisa, Hono! Ukichanganya mayonezi na nyama ya moto inakatika, inabaki mafuta yanaelea. Wakipoa wachambue kwa vidole, usikate kwa kisu. Nyama iliyochambuliwa inashika rojo.

Honorata: Kwa vidole. Ehe.

Yuliana: Supu yake usimwage. Sasa mayonezi, usitie peke yake, inakinaisha. Changanya na mtindi mzito, nusu kwa nusu. Binzari nyembamba ikaange kidogo pakavu kwenye kikaango, isage, tia. Kamua ndimu. Kitunguu kikate vipande vidogo, kioshe na chumvi kitoe ule ukali. Hoho na karoti— Hono, ni nini hicho kinagonga hivyo?

Honorata: Mafundi.

Yuliana: Mafundi wa nini?

Honorata: Wanafunga turubai.

Yuliana: Turubai la kusali?

Honorata: Jua, dada. Jua la huku siku hizi… Ehe, hoho na karoti?

Yuliana: Zikate nyembamba kama njiti. Sasa pilipili, hapo ndipo wengi—

[sauti ya mwanamke, kwa mbali: "Mama Dainess! Mama Dainess, wewe!"]

Honorata: Abee!

Yuliana: Abee!

[sauti ya mwanamke: "Wageni wamepiga simu, wamewahi, wameshafika Mwanga!"]

Yuliana: Nimeitika. Nilidhani naitwa huku.

Honorata: Dada…

Yuliana: Wewe pia umeitika.

Honorata: Ni majirani tu, wameshazoea. Mtoto amekulia mikononi mwangu, watu wataniitaje?

Yuliana: Hilo nalijua. Nilimleta mwenyewe, ana miaka saba, ana madaftari mawili kwenye rambo. Sijalalamika hata siku moja. Nauliza la wageni. Jumuiya yenu yote inakaa Katubuka hapo. Wageni gani wanatokea Mwanga?

Honorata: Dada, kuku wanafurika, nikupigie baadaye—

Yuliana: Usikate. Honorata, usikate hiyo simu.

[mikwaruzo]

Honorata: Ni watu wa Leodgar.

Yuliana: Leodgar ndiye nani?

Honorata: Ni kijana mzuri, dada. Mwalimu. Wanasali vizuri, baba yake, Mzee Martini, ni mtu wa heshima kabisa—

Yuliana: Sijauliza baba yake. Leodgar ndiye nani?

Honorata: Mchumba wa Dainess. Leo wanaleta mahari.

[upepo]

Honorata: Dada? Upo?

Yuliana: Nipo.

Honorata: Nilikuwa nakuja kukwambia. Naapa. Nilisema jambo lipite kwanza salama, halafu nipande boti nije mwenyewe, tukae—

Yuliana: Barua ya posa ililetwa lini?

Honorata: Sikumbuki vizuri.

Yuliana: Lini, Hono?

Honorata: Kabla ya Pasaka.

Yuliana: Pasaka nilikuwa hapo kwako.

Honorata: Ndiyo.

Yuliana: Nililala na Dainess kitanda kimoja. Siku tatu. Nilimsuka nywele, kichwa chake kiko mapajani kwangu, ananisimulia habari za kazini, za bosi wake, za viatu. Na barua ilikuwa imeshaingia nyumba hiyo?

Honorata: Ilikuwa kabatini.

Yuliana: Kabatini.

Honorata: Dada, usilichukulie hivyo—

Yuliana: Kaka Gasper anajua?

Honorata: Si ndiye msemaji wetu leo.

Yuliana: Alipita hapa Jumatano. Alikula kwangu. Aliniomba samaki wa migebuka, akasema amefiwa na rafiki yake huko Ujiji, wanahitaji kitoweo cha waombolezaji. Nikamchagulia ile mikubwa, nikamfungia na dagaa juu. Nikampa pole, Hono. Nikamwambia awape pole wafiwa. Iko wapi hiyo migebuka?

Honorata: Iko jikoni hapa.

Yuliana: Kwa hiyo mimi ndiye marehemu.

Honorata: Yesu wangu! Dada, usitamke maneno hayo! Hakuna aliyetaka kukutupa. Ilianza kidogo kidogo tu. Leodgar alipoanza kuja hapa alinikuta mimi, akaniita mama, na mtoto hakumsahihisha. Akaja mama yake, akaniita mwenzangu. Mara Mzee Martini. Ikafika mahali… ungeanzia wapi? Ungesema nini?

Yuliana: Ungesema, mama yake ni dada yangu, yuko Mwamgongo, anaanika dagaa. Ni hiyo dagaa, eti? Niseme ukweli? Mngenikalisha wapi, na harufu yangu, na mikono hii iliyopasuka, mbele ya Mzee Martini?

Honorata: Si hivyo! [sauti inakatika] Dada, wewe Mungu alikupa. Mimi sikujaliwa. Unajua nilivyohangaika, hospitali, maombi, mpaka mume akaondoka. Nilitaka siku moja tu. Siku moja nikae kwenye kile kiti, wanitandikie kitenge, waniambie asante kwa kulea.

Yuliana: Ungeniomba kiti hicho, ningekupa. Ningekaa mkekani pembeni yako, nikapiga vigelegele. Unanijua. Ungeniomba tu.

[Honorata analia kwa chini chini]

Yuliana: Mpe Dainess simu.

Honorata: Anavalishwa, dada.

Yuliana: Mpe.

[mikwaruzo. Sauti za wanawake, vicheko, sufuria]

Dainess: Haloo? Shikamoo, mama mkubwa.

Yuliana: Marahaba.

Dainess: Niko hapa na dada yake Leodgar, ananifunga kilemba. Anakusalimia sana.

Yuliana: Nimepokea.

Dainess: Za huko Mwamgongo? Mama anasema saladi hamkumaliza. Eti ile pilipili inatiwa lini, na ngapi, mama mkubwa?

Yuliana: Muulize mama yako.

[Mlango unafungwa. Hatua]

Dainess: [ananong'ona] Mama. Nimetoka, niko huku nyuma kwenye kamba za nguo. Mama, usinijibu hivyo mbele za watu.

Yuliana: Nani amesikia? Simu iko sikioni kwako.

Dainess: Nimesikia mimi.

Yuliana: Basi vizuri.

Dainess: Mama, nisikilize. Nilikuwa nataka kumwambia Leodgar. Kila siku nasema leo, kesho. Kwenye fomu za shule aliandikwa mama mdogo, kazini nimemwandika mama mdogo, kila karatasi yangu—

Yuliana: Karatasi hazikuniuma. Nilijua ni za shule.

Dainess: Basi Leodgar alipouliza, nikajibu kama nilivyozoea. Haikuwa njama, mama. Ulimi tu uliteleza.

Yuliana: Umeteleza miaka mingapi, mwana wanje, mwanangu wee?

Dainess: Miwili.

Yuliana: Na mimi aliponiona kwenye picha pale ukutani, ulimwambia ni nani?

Dainess: Ile picha… mama mdogo aliitoa.

[upepo]

Yuliana: Pasaka ilikuwepo.

Dainess: Uliporudi huko ndiyo aliitoa tena.

Yuliana: Kumbe inavaliwa na kuvuliwa, kama kilemba.

Dainess: Mama, tafadhali, usilie.

Yuliana: Silii. Ni upepo wa ziwa huu. Na wewe usilie, watakuuliza umetoka nje kufanya nini. Unampenda huyo kijana?

Dainess: Sana.

Yuliana: Anakuheshimu?

Dainess: Ananiheshimu, mama. Ungemwona ungempenda. Anacheka kama mjomba Adolf, kwa mabega.

Yuliana: Ndoa lini?

Dainess: Mwezi wa nane. Mama… kuna jambo.

Yuliana: Sema.

Dainess: Padri anataka cheti changu cha ubatizo. Cha asili. Mama mdogo alikuwa akuambie mkimaliza habari za saladi. Eti ukimpa Amosi wa boti kesho, kikiwa kwenye bahasha iliyofungwa—

Yuliana: Kwa hiyo simu haikuwa ya saladi.

Dainess: Ilikuwa ya saladi. Na cheti.

Yuliana: Na bahasha ifungwe ili Amosi asisome, au Leodgar asisome? Kimeandikwa nani hapo kwenye mama?

Dainess: Wewe.

Yuliana: Soma jina.

Dainess: Sinacho hapa, mama, nitasomaje—

Yuliana: Unalijua. Litaje.

Dainess: [kwa sauti ndogo] Yuliana.

Yuliana: Basi Amosi hatabeba bahasha yangu.

Dainess: Mama, bila kile cheti padri hatangazi ndoa! Unataka kunivunjia—

Yuliana: Sivunji kitu. Leo boti limeshaondoka tangu alfajiri, na hata kama lingekuwepo, nisingekuja kuwaaibisha mbele ya wakwe. Kaka Gasper atapokea mahari, Hono atakaa kwenye kiti. Kuleni, furahini. Kesho napanda boti la kwanza. Cheti nakileta mwenyewe, namkabidhi padri mkononi. Nikitoka hapo nakuja kwenu, napiga hodi mlango wa mbele.

Dainess: Kesho? Mama, kesho shangazi zake wawili bado watakuwa hapa, wanalala kwetu—

Yuliana: Vizuri. Nitawakuta.

Dainess: Niseme nini sasa?

Yuliana: Huna haja ya kusema leo. Nikipiga hodi utafungua. Jina utakaloniitia pale mlangoni, mbele yao, ndilo nitakaloitikia mpaka nife. Ukisema mama mkubwa, nitaitika mama mkubwa. Nitakunywa chai, nitaaga, nitarudi kwa dagaa zangu. Sitakudai neno lingine.

Dainess: Mama, huo ni mtihani gani unanipa?

Yuliana: Wangu ulinipa leo, bila hata kuniambia ni mtihani.

[honi za gari. Vigelegele. Sauti ya mwanaume: "Wamefika! Bibi harusi yuko wapi? Dainess!"]

Dainess: Wamefika. Mama, wananitafuta. Kilemba kimelegea—

Yuliana: Kikaze. Futa uso.

Dainess: Simu inalia, salio la mama mdogo linakata. Mama, nisikilize haraka—

Yuliana: Nakusikiliza.

[sauti ya Honorata, karibu: "Dainess! Mwanangu, njoo bwana!"]

Dainess: Nakuja! Mama, upo? Kesho ukishuka boti pale Kibirizi—

[mikwaruzo]

Yuliana: Ehe, nikishuka Kibirizi?

[mikwaruzo]

Yuliana: Dainess? Nikishuka Kibirizi nifanye nini? Haloo?

[Simu imekatika.]