Siku Wazee wa Endagulda Walipomkimbia Nesi Odilia

Tarehe 30 Juni 1978 Nesi Odilia Mkopi anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi ya uuguzi, kumi na sita kati ya hiyo akiwa hapa kwetu Mbulu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kumwandikia wasifu. Waganga walisema wana wagonjwa. Makarani walisema hawamjui vizuri. Basi kalamu ikamwangukia dereva, na kwa kweli haikukosea mahali. Mimi nimeendesha magari Mombasa, Nairobi, Kampala mpaka Ndola. Nimekunywa chai na watu wa kila kabila. Darasa la nne nililiacha katikati kwa sababu lilikuwa linanichelewesha. Msomaji atulie, yuko mikononi mwa mzoefu.

Nesi Odilia ni mzaliwa wa Mahenge. Alisomea kazi yake kwa masista huko huko kwao, akafanya kazi Ifakara, na mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, akapangiwa Mbulu. Alishuka kwenye basi na sanduku moja la bati, amevaa gauni jepesi la watu wa joto. Baridi yetu ilimpokea kwa heshima zote. Wiki ya kwanza alilala na makoti mawili juu ya blanketi. Moja lilikuwa langu, na mpaka leo sijalidai, maana mimi ni mtu wa roho kubwa.

Alipewa kliniki ya mama na watoto katika bonde la mto Endagulda, lile linaloanzia chini ya kijiji cha Tumati na kuteremka kuelekea mlima Hanang'. Barabara ya bonde hilo magari hayaijui. Hata mimi, pamoja na sifa zangu zote, naishia kwenye daraja la magogo la juu. Kuanzia hapo ni njia ya miguu ya watu na kwato za ng'ombe, imeshindiliwa mpaka ikawa laini kama sakafu, inaufuata mto kila unapokwenda. Idara ikampa baiskeli, Raleigh nyeusi yenye kikapu mbele. Wanawake waliopanda baiskeli wilayani siku zile ungeweza kuwahesabu kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni yeye.

Njia ile aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akisema kwamba ukiteremka asubuhi, umande bado uko kwenye maharage, husikii kitu isipokuwa matairi juu ya mchanga, maji upande huu na kengele za ng'ombe upande ule. Mbele yako mlima umevaa kofia ya wingu. Hakuna honi, hakuna vumbi, hakuna Tadeo. Tadeo ni mimi. Nilimsamehe.

Lakini mwanzo wake ulikuwa mbaya. Njia inateremka, baiskeli ina mbio, na wazee wa bonde wana desturi ya kukaa kando ya njia wakiota jua. Nesi, akiwa mtu mwenye adabu, aliwaamkia wote: "Shikamooni wazee!" huku amekwisha wapita na sauti inabaki nyuma yake hewani. Alipofika kliniki alikuta ng'ombe na mbwa. Akina mama hawakuja. Safari iliyofuata, hivyo hivyo. Ndipo Mzee Sulle, ambaye neno lake bondeni lilikuwa neno, akamkuta amekaa peke yake na mizani yake.

"Binti, wewe mtoto wa wapi?"

"Wa Mahenge, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Enhe! Hiyo nimeipokea. Zile nyingine ulikuwa unazitupa. Sisi si kuku, binti, tutupiwe salamu kama mtama."

Kumbe! Kwa wenyeji wa bonde lile mtu haamkii mzee huku amekaa juu ya kitu kinachokimbia. Unashuka, unasimama kwa miguu yako, unaamkia, unaulizwa habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe, hata kama kwenu hamna ng'ombe. Ndipo unapanda tena, mpaka kwa mzee anayefuata, na huyo yuko hapo mbele tu. Nairobi kuna taa za barabarani. Endagulda kila mzee ni taa nyekundu.

Basi Nesi akajifunza kushuka. Breki za Raleigh zililia kila kona, watoto wakawa wanashangilia, "Baiskeli imeamkia! Baiskeli imeamkia!" Safari ya asubuhi ikawa safari ya siku nzima, na kliniki ikajaa mpaka kamba ya mizani ikakatika. Wakubwa ofisini waliuliza kwa nini anachelewa kurudi. Niliwajibu kwa niaba yake kwamba barabara ina foleni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa midomo isiyo na uhakika. Mwaka 1975, wakati wa masika, watu walikuwa wamehamia kwenye kijiji cha ujamaa kule chini bondeni. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika vilimani sasa zilipakana ukuta kwa ukuta. Surua nayo ikaupenda ujirani. Ndugu Hhando, balozi wa nyumba kumi, alipanda mpaka Tumati, tulikokuwa, na habari kwamba mtoto mmoja amekwishazikwa na wengine wana homa. Tulifuata chanjo na barafu hospitali ya Haydom, tukaweka vyote kwenye themosi kubwa, kwa maana chanjo ile ikishapata joto ni maji tu. Niliendesha Landrova kama mtu aliyeiiba.

Tulipofika daraja la juu, mto ulikuwa umelichukua. Vijana wa hapo waliivusha baiskeli mabegani. Nesi na Hhando wakavuka kwa miguu, maji kiunoni, themosi ikiwa kichwani kwa Nesi. Mawingu yalikuwa yamefunguka na jua limeanza kuuma. Alipofika ng'ambo alisimama akaitazama njia yake.

"Tadeo!" akaniita juu ya kelele za maji. "Nikiwashukia wote, barafu itaisha!"

"Pita tu, Nesi! Watakuelewa!"

"Nisiposhuka, wale akina mama watawaleta watoto?"

"Pita!"

"Wewe ulishawahi kumpita Mzee Sulle?"

Mimi ni jasiri, lakini si kwa kila jambo.

Hhando alikuwa amesikia yote. Alipanda kwenye mwinuko, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa Kiiraqw, lugha ya bondeni. Bonde lile halina simu. Mtu huita, wa ng'ambo akapokea, akampa wa mbele yake. Sauti iliruka upande ule, ikarudi upande huu, ikateremka haraka kuliko gari langu, na gari langu linajulikana. Alikuwa anasema hivi: "Wazee, ondokeni njiani! Nesi ana barafu!"

Nesi hakukijua Kiiraqw cha mbio namna hiyo. Alipanda baiskeli, tayari kushuka kwa mzee wa kwanza. Hakuwapo. Kigoda kipo, fimbo imelala kando yake, mwenyewe hayupo. Wa pili, hayupo. Mahindi yalitikisika bila upepo. Bibi mmoja aliinama katikati ya maharage akampa mgongo, akipalilia kwa bidii mahali ambapo hapakuwa na hata gugu moja. Maana desturi hiyo hiyo inasema: mzee asiyekutazama hakudai salamu. Bonde zima lilikuwa limejificha ili Nesi asishuke.

Mzee Gidabuday ndiye aliyekuwa na tatizo. Miguu yake ilikuwa imechoka zamani, na wanawe walikuwa machungani. Alijifunika blanketi gubigubi, akatulia kando ya njia kama kichuguu. Nesi alipopita karibu kabisa alisikia kichuguu kinasema chinichini, "Pita, mwanangu, pita. Mimi sipo."

Ananiambia kwamba alianza kucheka, kisha akalia, na hakujua anafanya lipi mpaka alipofika kijijini. Themosi ilipofunguliwa, barafu ilikuwa imebaki vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, lakini maji yake yaliuma vidole. Akina mama walikuwa tayari wamepanga mstari. Hadi jua kuzama, kila mtoto asiye mgonjwa wa kijiji kile alikuwa amechomwa sindano na amemchukia Nesi. Waliokuwa wameugua waliuguzwa wakapona, na hapakuchimbwa kaburi jingine.

Kesho yake alirudi akitembea, anakokota baiskeli. Wazee walikuwa wametoka wote, kila mmoja kwenye kigoda chake, uso mkavu kama mtu asiyejua lolote. Aliwaamkia mmoja mmoja, salamu ya leo na ile ya jana.

"Hivi jana ulipita huku?" akauliza Mzee Gidabuday. "Mbona sikukuona?"

"Nilipita, mzee. Hukuwapo."

"Ahaa. Nilisafiri."

Alilala njiani, nyumbani kwa Mzee Sulle, kwa sababu salamu hazikuisha mchana ule. Mimi nilimngoja darajani siku mbili, usiku na mchana, nikamtunzia mkate wake kadiri nilivyoweza. Nilimtunzia robo.

Mwaka uliofuata, Siku ya Wafanyakazi, alichaguliwa mfanyakazi bora wa idara. Amewafundisha wakunga wa jadi wa bonde lile kuchemsha nyembe na vitambaa, na wengine wao wako hapa leo, mbele, wameketi kwa mikogo. Baiskeli anamwachia nesi kijana atakayeshika nafasi yake.

Mwezi uliopita Mwalimu Efrazia, anayefundisha darasa la kwanza shule ya Endagulda, alikuja Mbulu kutafuta madawati, akamkuta Nesi barazani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukushtaki."

"Marahaba. Kwa kosa gani tena?"

"Darasa langu limejaa mpaka mlangoni. Wengine wanakaa sakafuni, wengine dirishani, na wote ni wa sindano yako. Wewe uliona watakaa wapi?"

Nesi Odilia alikubali kosa. Kisha akaomba apelekwe akaone mwenyewe huo msongamano, na pale mlangoni mwa darasa alisimama, watoto wakimtazama na yeye akiwatazama.

Mama yetu, wiki ijayo unarudi Mahenge. Idara inakushukuru, na bonde la Endagulda linakushukuru kwa sauti kubwa zaidi yetu. Mungu akupe uzee wenye afya, shamba lenye mvua na majirani wanaocheka. Darasa lile la kwanza nimelileta mwenyewe kwa lori, wako nje wanangoja kuja kukuimbia hapa ukumbini. Viti vilivyopo havitawatosha. Kwa hiyo naomba, wageni waheshimiwa, wakiingia tusimame sisi, wao wakae.

Tadeo, dereva
Idara ya Afya, Mbulu