Fundi Ufa na Roshani ya Ghorofa ya Tatu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Ufa, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mchoma matofali na mkewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Sekondari aliiacha kidato cha pili, mwaka 1976, baba yake alipofukiwa na udongo machimboni. Mjomba wake, fundi mwashi, akamchukua. Kwa miaka mitatu alijifunza kupiga lipu, kubadilisha bawaba na kuzibua mabomba, na kuugonga ukuta akisikiliza: mzima hulia kama jiwe, mbovu hulia kama debe.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu. Siku ya posa alikuta mlango wa ukweni unakwaruza sakafu. Kabla hajakaribishwa kiti, alikwishaung'oa na kuomba randa. Babu aliwauliza wazee waliomsindikiza kama kijana wao alikuja kuposa binti au mlango.

Mwaka 1990 aliajiriwa kutunza majengo ya wapangaji, yenye ghorofa nne. Yatakayosomwa sasa aliagiza mwenyewe yasomwe. Sisi wanawe tulisita. Mama alisema neno la marehemu halipunguzwi.

Julai 2004 aliigonga roshani moja ya ghorofa ya tatu kwa chini, ikalia kama debe. Alipobandua lipu alikuta nondo zimeliwa na kutu, zinavunjika kwa mkono. Aliandika katika daftari la matengenezo, kisha akamwomba msimamizi roshani ifungwe. Msimamizi alimjibu kwamba wakaguzi wanakuja wiki ile. Azibe, apake rangi, mengine baadaye. Marehemu alikuwa na watoto watatu shuleni. Akaziba, akapaka rangi.

Jumatatu, tarehe 9 Agosti, saa tatu asubuhi, roshani ile ilianguka na mshonaji wa nguo aliyekuwa akianika kanga. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Marehemu ndiye aliyefika wa kwanza, akaondoa zege kwa mikono mitupu mpaka kucha zikang'oka.

Mahakamani msimamizi alikana kuambiwa lolote, na kurasa za daftari zilikuwa zimechanwa. Wakili alimshauri marehemu naye aseme hakujua. Alisimama akasema, "Nilijua. Nikapaka." Alifungwa miaka miwili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alitoka gerezani akisema kuna ufa ukiuziba unaua.

Hakuajiriwa tena. Alitembea mitaani na mfuko wake wa zana, akirekebisha hiki na kile, na palipokuwa na hatari alimwambia mwenye nyumba hapohapo, hata kama angefukuzwa. Mara nyingi alifukuzwa. Kila mwezi alikwenda kwa mama wa mshonaji kuuliza kama kuna la kutengeneza. Kwa miaka mitatu mlango ulifungwa mbele yake. Mwaka wa nne, msimu wa mvua, yule mama alifungua akasema, "Sijakusamehe. Lakini paa linavuja."

Alilitengeneza. Baada ya hapo alitengeneza dirisha, na choo, na ngazi. Hawakuwahi kunywa chai pamoja.

Mwaka 2021 alianza kukohoa. Madaktari walisema vumbi la miaka arobaini lilikuwa limeyafanya mapafu yake kuwa magumu. Alikataa godoro jipya, akalala akiwa ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Mwezi wa mwisho hakuweza kuinua kikombe. Siku moja alimwambia mama amgongee kifuani. Mama akagonga, akamuuliza anataka asikie nini. Alijibu, "Hamna kitu. Nilitaka mkono wako tu." Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, sote tukiwa chumbani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada zake wawili. Mama wa mshonaji yupo hapa, kiti cha mwisho karibu na mlango. Tulimwomba ruhusa ya kusoma haya. Alisema tusome yote, na tusimtaje kuwa amesamehe, kwa sababu bado anajaribu.

Mungu ampe marehemu pumziko, na amani aliyoikosa huku duniani.