Maji Niliyobeba Hadi Kakuma

Kanisa, ejoka, hamjambo? Hiyo sauti ni ya watu ambao hawajanywa chai. Ejoka? Haya, sasa nimewasikia.

Mchungaji ameniambia nisimame kidogo tu. Wanaonijua wanajua kwamba mimi kutoka tu nyumbani ni ushuhuda. Cherehani yangu iko barazani, chai inatoka jikoni, mteja akitaka kupimwa anakuja mwenyewe. Hata hapa ningekuja mara nyingi zaidi kama kanisa lingehamia kwangu.

Basi mwaka 2012 tumbo langu likaanza kukua. Mnakumbuka mwaka ule, mafuta yamepatikana ardhini huku kwetu, na kila mtu hapa Lodwar ana binamu ambaye karibu ataajiriwa. Nikipita naitwa, "Fundi, mafuta umeanza kuyala peke yako?" Uchaguzi ulipokaribia, wazee wawili walinijia nyumbani wakanisalimia kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, unasimama wadi gani?" Nikawaambia mimi hata kusimama foleni siwezi. Lakini ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi. Nilijishonea shati pana la mheshimiwa.

Kumbe lile tumbo lilikuwa la upande mmoja, chini ya mbavu za kulia, na likaanza kuuma kila nikikanyaga cherehani. Mke wangu, ambaye huongea kidogo kwa sababu mimi humaliza maneno yote, akasema, "Baba Akai, kitambi hakiumi. Twende hospitali."

Wakanipiga picha ya tumbo. Daktari akaniuliza, "Ulilelewa na mbwa?"

"Daktari, nilizaliwa Kaikor. Nani kule hakulelewa na mbwa?"

Mnaocheka mnajua. Mama akienda kutafuta maji, mbwa ndiye yaya. Anamlinda mtoto, na mtoto akijichafua anamlamba mpaka anang'aa. Daktari akanieleza pole pole kwamba mbwa wengine hubeba mdudu mdogo sana, na mayai yake yakimwingia mtu yanaweza kukaa kwenye ini miaka mingi yakijenga mfuko wa maji. Wangu ulikuwa kama kibuyu. Ukipasukia ndani, unaweza kuniua. Dawa yake ilikuwa kisu, na madaktari wa kisu hicho walikuwa wakija Kakuma kwa ndege, mara moja moja. "Nenda ukawangoje huko," akasema. "Na usigongwe tumbo."

Usigongwe tumbo, na barabara ni ile ya Kakuma!

Mchungaji alituombea, akanipa ahadi ya kushika, ile ya kwamba tukipita kwenye maji Mungu atakuwa pamoja nasi. Nikamwambia, "Mchungaji, hapa ni Turkana. Nipe ahadi ya vumbi." Akanijibu, "Maji umeyabeba wewe mwenyewe, ndugu." Mkanitandikia godoro ndani ya gari la kanisa, mke wangu akashika tumbo langu kama trei ya mayai, na kila shimo aliliitia Yesu. Alimwita sana.

Kakuma nilifika nikidhani nitangoja siku chache. Ndege ikashindwa kutua kwa vumbi. Vumbi likatulia, mvua ikanyesha, mto ukajaa. Mto ukapungua, tukaambiwa daktari mwenyewe anaumwa. Kila asubuhi nilinyoa ndevu kama bwana harusi, na kila jioni bibi harusi hakuja. Halafu mwenzangu wa kitanda cha dirishani, mwenye ugonjwa kama wangu, mfuko wake ukapasuka. Hakurudi kwao.

Siku hiyo nilifunga mzigo. Nikamwambia mke wangu, "Kama ni kufa, nitafia barazani kwangu."

Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama wa Sudan Kusini, mkaaji wa kambi ya wakimbizi, akimuuguza dada yake. Aliinuka akaja akakalia mzigo wangu. Mama mzito yule, Mungu ambariki.

"Akhui, ndugu yangu, wewe naenda wapi?"

"Nyumbani. Nimengoja vya kutosha."

"Wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa nguo."

"Wewe naambia mtu nguo tayari Ijumaa. Yeye nachukua Ijumaa?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nikasema, "Mama, kuna Ijumaa zingine huchelewa."

"Wao nangoja wewe, muongo! Wewe nashindwa kungoja Mungu?"

Nanyi mlio na vitambaa kwangu, msipige makofi sana.

Kisha akapunguza sauti. "Mimi nangoja mtoto wangu tangu vita. Sijui iko wapi. Iko siku mimi siamini hata kidogo. Hiyo siku natafuta mtu, nakaa na yeye. Rabuna fi. Mungu iko."

Hakutoka juu ya mzigo ule mpaka jua likazama. Kesho yake akaja tena, akakaa. Ndipo nikaelewa ahadi niliyopewa. Nilikuwa naidai kama tarehe, na haikuwa na tarehe ndani yake. Ilisema tu kwamba atakuwa pamoja nami. Nikafungua mzigo.

Ndege ilitua. Nilipasuliwa, na nilipoamka kitu cha kwanza kusikia kilikuwa vigelegele, halafu sauti ya nesi akimfukuza yule mama kwenye korido. Nilirudi Lodwar 2013 uchaguzi umeisha, nikiwa mwembamba, sina wadi.

Asanteni. Asante kwa godoro, kwa dereva aliyekwepa mashimo aliyoweza, kwa madaktari, na kwa mke wangu ambaye hajawahi kunikumbusha kwamba alisema mapema. Isipokuwa jana. Na juzi.

Kama hapa kuna anayengoja mtoto, au mvua, au majibu ya hospitali, siwezi kumwambia ni lini. Ninachojua ni kwamba Mungu hakai mbali akisubiri siku ifike. Anangoja pamoja nawe, na mara nyingi anatuma mtu wa kukaa upande wake wa benchi.

Yule mama bado anangoja mwanawe. Mwezi uliopita nilipanda gari mimi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nikaenda mpaka kambini. Akashangaa, "Nani naumwa?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kukaa."

Akasogea, akanipa nusu ya mkeka.