Adabu Iliyomchelewesha Mjane

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Hakimu, Sheikh wetu, Ndugu Msajili Msaidizi wa huduma za msaada wa kisheria, waheshimiwa madiwani na watendaji wa kata, Mwalimu wetu Hafsa, ambaye nimekutaja wa mwisho pale meza kuu kwa sababu wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba itifaki hufuatwa hata inapouma, wazazi na majirani mliovuka maji na mliopanda magari kutoka Nyamisati, Mbuchi na Utete, nanyi wahitimu wenzangu: Assalaam alaykum, na msio wa salamu hiyo, habari za asubuhi.

Naitwa Mwanaheri Kondo, fundi cherehani wa Mbuchi. Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao kwa sababu, wanadai, nina mdomo. Mshereheshaji amenipa dakika saba na ameniomba nitoe shukrani. Nitazitoa, lakini shukrani zangu zina ungamo ndani yake, na naomba mnivumilie.

Tulipoanza mafunzo ya usaidizi wa kisheria mwaka jana, mwezi wa kumi, ndugu yetu Ukasha, mkata boriti wa siku nyingi, aliuliza siku ya kwanza kabisa kama majoho tutapewa au tutashona wenyewe. Msimcheke peke yake, maana mimi nilishaanza kuwaza kitambaa. Mwalimu Hafsa hakucheka. Alitueleza kwamba msaidizi wa kisheria si wakili: hamsemei mtu mahakamani, hatozi ada, hahukumu. Kazi yake ni kumweleza mtu haki yake kwa lugha anayoielewa, kumsaidia kuandika barua, kumwonyesha mlango wa kugonga na kumfikisha kabla mlango haujafungwa. Maneno hayo niliyaandika daftarini kwa wino mwekundu, nikadhani kwa kuwa nimeyaandika basi nimeyajua.

Baada ya awamu ya kwanza tulirudishwa vijijini kwa vitendo. Sikumaliza wiki tatu, jirani yangu Bwana Faraji, mvuvi, akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkewe, Bi Mwamini Abbasi, akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya ua wake, kama dini inavyotuelekeza. Kati ya ua wake na cherehani yangu pana uzio wa makuti tu, hata akikohoa namsikia. Mimi nilijua kwamba mirathi ina taratibu zake na muda wake. Nilijua pia kwamba shamba la mpunga alilolifyeka na kulilima mwenyewe miaka kumi na minne halikuwa mali ya marehemu. Niliyajua yote hayo, nikanyamaza.

Kwa nini nilinyamaza? Mama yangu aliniambia nimwache mwenzangu alie, mambo ya karatasi yatakuja baadaye. Nami niliona aibu kuingia nyumba ya msiba na habari za mashamba, nionekane nimekwenda kuchungulia vyungu vya watu. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Lakini leo, mbele ya mwalimu wangu, nasema kweli yote: niliita adabu, na nusu yake ilikuwa woga. Niliwaogopa wakwe zake.

Wao hawakuona aibu. Siku ya tatu shemeji yake, Bwana Hemedy, alikuja na mchele wa hitima na karatasi. Bi Mwamini aliambiwa kuwa ni orodha ya waliopokea mchele, akaweka dole gumba. Karatasi ile ikaja kuwa muhtasari wa kikao cha ukoo, una muhuri, unasema mjane alihudhuria na ameridhia shemeji awe msimamizi wa mirathi. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mahakama, kwamba mwenye pingamizi ajitokeze. Nani angejitokeza? Mwenye pingamizi alikuwa ndani ya eda, na jirani yake aliyefundishwa kusoma matangazo hayo alikuwa anashona sare za shule.

Alipotoka eda alikuta shamba limepandwa na watu wengine, mpunga umefika kiunoni, na mashine ya boti ya mumewe imeuzwa. Hapo ndipo nilipokwenda. Nikakaa mkekani, nikaanza kumweleza jinsi nilivyochelea kumsumbua kwa sababu ya eda yake. Aliniacha nimalize, kisha akasema: "Mwanaheri mwanangu, eda ilinizuia mimi kutoka. Haikukuzuia wewe kuingia."

Ndugu zangu, nimetukanwa sana katika maisha yangu, wateja wa nguo za Idi mnajijua, lakini hakuna tusi lililoniuma kama maneno yale yaliyosemwa kwa upole. Nilimpigia simu Mwalimu Hafsa, nikamwambia najitoa, sistahili. Hakunibembeleza. Aliniuliza kama nikijitoa shamba litarudi. Nikasema halirudi. Akasema basi nishike kalamu, twende na maombi ya kutengua usimamizi.

Maombi hayo tuliyaandika mara nne. Na kwa kuwa sina ruhusa ya kumsemea mtu mahakamani, ilibidi Bi Mwamini ajisemee, yeye ambaye hata kwenye mkutano wa kijiji hajawahi kunyoosha mkono. Tulifanya mazoezi jikoni kwake kila alasiri. Hakimu wetu, na Mheshimiwa Hakimu utuwie radhi, alikuwa mbuzi ya kukunia nazi, tuliyoiweka juu ya ndoo ili ionekane na cheo. Wiki ya kwanza Bi Mwamini alinong'ona. Wiki ya tatu jirani wa upande wa pili alikuja kuuliza nani anagombana.

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma nimefunga mdomo, jambo ambalo mume wangu anasema halijapata kutokea tangu anioe. Muhtasari ukasomwa: kikao kilifanyika hapa Kibiti mjini, tarehe fulani, mjane akiwepo. Bi Mwamini alipoulizwa kama ana la kusema, alisimama. Sauti ikatoka: "Mheshimiwa, tarehe hiyo nilikuwa na siku ya kumi na tisa ya eda. Tangu mume wangu azikwe mpaka eda ilipokwisha, sikuvuka mlango wa ua wangu. Waulizeni wanawake waliokuwa wakinichotea maji. Kama nilikuja Kibiti, nani alinivusha?"

Wanawake wanne walitoa ushahidi, mmoja baada ya mwingine. Eda ile ile ambayo watu waliitumia kumpita pembeni ndiyo iliyosimama kumtolea ushahidi. Usimamizi ulitenguliwa, akateuliwa msimamizi mwingine, na shamba la Bi Mwamini likatengwa kwanza, ndipo mirathi ikagawiwa. Nililia pale pale benchini, wala sioni haya kulisema.

Lakini tusidanganyane kwa sababu ya kesi moja tuliyoshinda. Msimu ule wa mpunga haukurudi. Mashine ya boti haijaonekana mpaka leo. Binti zake wawili wamekula mwaka mzima kwa huruma ya majirani, na mwenye deni hilo ni mimi, niliyekuwa upande wa pili wa uzio.

Bwana Hemedy amekuja leo, amekaa mstari wa nne. Nilimwomba ruhusa ya kulisimulia jambo hili, akaniruhusu kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Nimejitahidi, shemeji. Namshukuru kwa kukubali, kwa maana kukiri mbele za watu si kazi ya mtu dhaifu, nami naijua kazi hiyo leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi majoho. Ukasha ameshakata tamaa. Tunaomba neno lako kwa wenyeviti wa vijiji, kwamba wasigonge muhuri kwenye muhtasari wowote wa ukoo mpaka mjane mwenyewe asomewe, nyumbani kwake, mbele ya mashahidi, na aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Naomba ulijibu hili katika hotuba yako, ukiona inafaa, ili tuondoke nalo. Na kwako Sheikh wetu: siku ya mazishi, watu wakiwa bado wamekusanyika, watangazie kwamba msaidizi wa kisheria mwanamke ataingia kwa mjane, na kwamba kuingia kwake si utovu wa adabu. Neno lako litafungua nyumba ambazo cheti hiki hakiwezi kuzifungua.

Mwalimu Hafsa, asante kwa kutonibembeleza. Bi Mwamini, asante kwa kuja, na kwa kunikubalia nikuite mama. Waandaaji, asanteni; nimeinusa pilau tangu nilipoingia ukumbini, na mtanisamehe, sitaila. Ijumaa iliyopita amezikwa mtu kitongoji cha pili kutoka kwetu. Mkewe ana miaka ishirini na sita na mtoto mgongoni. Boti inaondoka Nyamisati saa tisa, na maji yakipwa haipiti tena mpaka kesho. Bi Mwamini nilimngojesha miezi minne na siku kumi. Huyu leo ni siku yake ya sita, na kabla jua halijazama nitakuwa nimekaa mkekani kwake.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mwenye kutaka kunipongeza anipongeze nikiwa natembea.