Kichwa cha Nguruwe Mezani Sandton

Ndugu zangu, leo hapa kanisani sikai chini kabla sijasema. Mnanijua kama mama anayepika kwenye harusi zetu hapa Hillbrow, Johannesburg. Hamjui kwamba mwaka 2016 niliapa sitashika mwiko tena.

Nilikuwa mpishi katika ukumbi mmoja wa sherehe kule Sandton. Akaja mzee mmoja wa Kizungu, mwalimu wa historia, akataka karamu kama waliyokula wafalme wa Ulaya miaka mia sita iliyopita. Alinipa mapishi aliyonakili kwenye vitabu vya kale: kichwa kizima cha nguruwe, utumbo wa ng'ombe kwa tangawizi na zafarani, miguu ya ndama iliyochemshwa mpaka mchuzi ukaganda. Nilipika siku tatu kwa furaha.

Wageni walikuwa watu wa benki na makampuni. Nilipofunua kile kichwa, dada mmoja akapiga yowe. "Kina meno!" Mwingine akaziba pua. Nusu saa haikuisha, wakaagiza piza kwa simu. Nawaambia, zile piza zilipita mbele ya macho yangu! Meneja akanigeukia mbele ya wenzangu: "Wewe na chakula chako cha kishenzi, kesho usirudi."

Mnacheka? Chekeni, hata mimi leo nacheka. Siku ile nilipanda teksi nikilia mpaka nyumbani.

Miezi minne sikupika. Ugali alisonga mume wangu, na akina mama mnajua ulivyokuwa. Lile neno "kishenzi" lilinikaa kifuani. Nilianza kuona mikono yangu michafu.

Siku moja yule mwalimu akapanda ngazi ghorofa nane hadi kwetu, lifti imekufa, akafika anahema. "Mama, ulipika sawasawa kabisa. Kosa ni langu, sikuwaandaa watu. Nipikie tena."

Nikakataa. Mume wangu akaniuliza taratibu, "Utumbo si ndio mama yako alikulea nao kule Kongo, Bukavu? Sasa unamwonea aibu nani?"

Ndugu zangu, hapo niliinuka nikautoa mwiko wangu kabatini. Kisha nikasema, "Nitapika. Na sibadilishi kitu."

Safari hii, kwenye ukumbi mwingine, nilitoka na aproni yangu nikasimama mbele ya wageni. Tukawanawisha mikono kwa maji ya waridi, kama walivyofanya wale wa kale. Nikasema, "Huu ni utumbo. Kwetu tunaula. Ninyi hapa mnauita mogodu."

Halafu baba mmoja mnene, suti na tai, akainuka. "Mogodu? Eish, mama! Bibi yangu Soweto alinipikia kila Jumapili. Lete!" Akala, akaongeza. Mkewe akafumba macho, akaonja, akayafumbua. Kufika kwenye kichwa, watu walikuwa wanagombania masikio! Sahani zilirudi jikoni nyeupe.

Tangu hapo kila majira ya baridi naitwa kuipika karamu ile, na dada watatu wa kanisa hili wanapika pamoja nami.

Namshukuru mwalimu yule kwa zile ngazi. Namshukuru mume wangu. Nawashukuru ninyi akina mama mlioniletea sufuria za chakula miezi ile minne bila kuniuliza lolote. Na Mungu, yeye anajua.

Ninachowaachia ni hiki: kazi yako ikidharauliwa, usiifiche. Simama nayo mbele ya watu, itaje kwa jina lake. Kama kuna mtu hapa anayeionea aibu kazi ya mikono yake, aje mbele sasa hivi, tumwombee.